Lugha ya Jirani

Shangazi yangu alifagia wodi ya wanaume kwa miaka kumi na tisa, na miaka yote hiyo alifanya kazi mbili kwa mshahara wa kazi moja. Ya kwanza ilikuwa ndoo na tambara la deki. Ya pili hakuiomba. Kila alipolazwa mtu asiyejua Kiswahili, kutoka upande wowote wa mlima wetu, wauguzi walipaza sauti, "Mwiteni Redio!" Naye alifuta mikono kwenye aproni, akaenda kutafsiri.

Waliomwita walidhani lugha za mlimani ni moja. Wapi! Sisi wa mashariki na wale wa magharibi tunasikilizana nusunusu: salamu zinapita, maji yanapita, habari za ng'ombe zinapita, mengine yanabaki hukohuko. Tena nusu yenyewe haikugawanywa kwa haki. Wao tangu zamani hushuka kuuza sokoni kwetu, kwa hiyo yetu wanaielewa. Sisi kwao tulienda kufanya nini? Shangazi alimweleza hayo muuguzi mkuu mara mbili, akajibiwa, "Ah, si mnaelewana tu." Akachoka kueleza. Tangu hapo akiitwa, anakwenda.

Asubuhi moja aliitwa kitanda cha kumi na moja. Alikuwapo mzee wa magharibi, mguu umeoza hadi karibu na goti, kaletwa na wapita njia wakamwacha mlangoni. Daktari, kijana mwenye macho mekundu kwa usingizi, alishika karatasi ya kuwekwa dole gumba.

"Mwambie tunakata leo. Tusipokata, hamalizi wiki."

Shangazi akamwambia kwa lugha yetu. Mzee alielewa barabara. Uso ulimbadilika palepale. Kisha akajibu, wala hakujibu kwa mkato. Aliongea kama dakika tano, akaonyesha mguu, akahesabu kitu kwa vidole, kisha akacheka kidogo. Shangazi aliambulia maneno matatu.

"Amekubali?" daktari akauliza.

Hapa ndipo huwa napandwa na hasira kila ninaposimulia. Ndiyo moja tu, mzee angekatwa, labda angepona, na Shangazi angerudi kwenye ndoo yake. Na ndiyo za namna hiyo alikwisha kuzitoa, aliniambia mwenyewe, kwa kukisia sura ya mtu. Lakini siku ile alishindwa.

"Sijamwelewa, daktari."

"Humwelewi vipi? Si lugha yenu?"

"Ya jirani zetu. Yeye ananielewa, mimi simwelewi."

Wodi ikaguna. Muuguzi mkuu akamkazia macho, utadhani kamkamata na shuka za hospitali mkobani.

Shangazi akaketi ukingoni mwa kitanda, akamshika mzee mkono. "Baba, mimi nitauliza. Ukikubali, nibane mara moja. Ukikataa, mara mbili."

Tukate? Mara mbili.

Umeelewa kwamba utakufa? Mara moja.

Unaogopa maumivu? Mara mbili.

Daktari akamsihi aulize tena kuhusu kukata. Akauliza. Mzee alimbana mara mbili kwa nguvu, mpaka pete ikamuumiza Shangazi kidoleni. Daktari akaikunja ile karatasi, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Mzee alifariki siku ya sita. "Redio, ungesema ndiyo tu," muuguzi mkuu alimwambia, "leo tungekuwa naye hapa." Shangazi aliendelea kupiga deki. Magoti yalikuwa yanamuuma, na moyoni hakuwa na uhakika kwamba muuguzi amekosea.

Siku mbili baadaye akaja binti wa marehemu, miguu imejaa vumbi la safari. Huyu Kiswahili alikijua. Alimkuta Shangazi kapiga magoti, anapiga deki chini ya kitanda kilekile, juu yake kalazwa mtu mwingine.

"Mama, nimeambiwa wewe ndiye uliyezungumza na baba."

"Ndiyo, mwanangu."

"Alikataa kweli?"

"Alikataa. Nilimuuliza mara mbili."

"Alisema kwa nini?"

"Alisema," Shangazi akamjibu. "Alisema kwa kirefu, tena kwa utulivu."

Binti akachuchumaa palepale sakafuni, kwenye maji, ili waonane uso kwa uso. "Alisemaje, mama?"

"Nilimsikiliza mpaka mwisho, mwanangu. Sijui."