Kona Inayopigiwa Honi

Saa kumi na moja alfajiri, katika yadi ya mabasi mashariki mwa Stockholm, Optatus Kamugisha amekaa kwenye kiti cha dereva na hajawasha chochote. Theluji imeganda kwenye vioo vya pembeni. Anashika kimrija cha kifaa cha kupima pombe kilichounganishwa na injini, anakitia mdomoni na kupuliza pumzi moja ndefu. Anasubiri. Taa ya kijani inawaka, na hapo tu ndipo injini inapokubali kuunguruma.

Kwenye basi la jirani, Kipchumba, Mkenya kutoka Kapsabet, anafungua dirisha.

"Mzee, imekubali leo? Ama ile pombe yenu ya ndizi bado iko kwa damu?"

"Puliza yako kwanza ndipo ucheke," Optatus anamjibu. "Juzi ni nani aliyekataliwa na basi?"

"Hiyo ilikuwa dawa ya kusukutua, bwana."

Madereva wengi huona kifaa hicho ni usumbufu. Optatus, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, hajawahi kukilalamikia.

"Kila nikipuliza namkumbuka shemeji yangu," anasema. "Kama pikipiki yake ingekuwa na mdomo wa kumuuliza, asingefika kwenye ile kona."

Shemeji huyo aliitwa Wichai. Alikufa Aprili, miaka mitatu iliyopita, katika kijiji cha wakulima wa mpunga kaskazini-mashariki mwa Thailand. Alikuwa kitindamimba wa nyumba yao na dada yake, Somjai, ndiye mke wa Optatus.

Ndoa hiyo ilianzia darasani. Optatus alitoka Muleba, mkoani Kagera, kuja kusomea misitu, akaishia kwenye usukani. Katika darasa la Kiswidi la wageni alikalishwa karibu na Mthai mmoja aliyekuwa akiandika haraka kuliko wote. Hadi leo Kiswidi ndiyo lugha ya nyumba yao, ghorofa ya nne huko Fisksätra, ambako treni ya kwenda mjini husikika kutoka jikoni.

Safari ya kwanza ukweni ilimshtua kama dereva. Aliona watu wanane wamekaa nyuma ya pikapu, miguu ikining'inia. Aliona mtoto wa shule akiendesha pikipiki, bibi yake amepakiwa nyuma. Kofia ngumu zilitundikwa kwenye usukani na kuvaliwa tu askari anapoonekana mbele.

Lakini kilichomkaa moyoni ni kona moja kando ya mfereji. Pembeni mwake palijengwa vijumba vidogo vya mbao vya kuwakumbuka waliofia pale. Wanakijiji huviwekea maua na chupa za soda nyekundu zenye mirija. Kila anayepita hupiga honi.

"Mwenye pikipiki anapiga, mwenye lori la miwa anapiga," Optatus anasimulia. "Nikamuuliza Somjai, wanamsalimia nani? Akasema, waliokufa. Nikasema ni vizuri, lakini mbona hakuna anayepunguza mwendo?"

Siku ya ajali ilikuwa sikukuu ya mwaka mpya wa Kithai. Juma hilo watu wa mijini hurudi vijijini kwa maelfu, na Wathai wenyewe huliita siku saba za hatari. Nyumbani kwa mama mkwe mkeka ulikuwa umetandikwa, wali wa kunata na samaki wa kuchoma vimewekwa katikati. Wichai alikuwa akinywa tangu asubuhi. Akainuka, akasema anakwenda sokoni kuleta barafu.

Optatus alimwona anavyosimama, akajua.

"Mimi simkabili mama mkwe," anasema. "Nilikokulia, mkwe hupitisha neno lake kwa mtu. Kwa hiyo nilimwambia Somjai kwa Kiswidi: mwambie mama amnyang'anye ufunguo."

Somjai, ambaye amekuja na birika la chai sebuleni kwao, analiweka mezani polepole.

"Sasa nami niulizwe nilisema nini," anasema.

Anamimina chai. Anaendelea mwenyewe.

"Wajomba wote walikuwa wamekaa. Kwetu hukemei mtu mbele ya wakubwa, tena siku ya sikukuu. Nikamwambia mama: 'Optatus anasema samaki anatosha, barafu si lazima.' Mama akacheka. Akamwambia Wichai alete mifuko miwili, maana mkwe ana haya."

Optatus, asiyejua Kithai, alikiona kile kicheko. Alidhani mama amekataa kwa utani, kama wafanyavyo kina mama. Akanyoosha mkono kwenye chakula. Alipoinua macho, Wichai alikuwa anampungia mkono kutoka kwenye pikipiki, kofia ikiyumba kwenye usukani.

Mkulima aliyekuwa wa kwanza kumfikia, pale penye kona, alisema alisikia honi kabla ya kishindo.

"Alipiga honi," Somjai anasema. "Hata yeye alipiga."

Sasa kijumba kimoja kimeongezeka kando ya mfereji. Mwaka mzima baada ya mazishi mume na mke hawakulizungumza jambo hilo. Optatus alikuwa akiamini neno lake lilifika likapuuzwa, naye alikasirika kimya kimya. Siku Somjai alipomweleza ukweli, anasema, hasira ilikosa pa kukaa.

"Ningemlaumu vipi? Yeye alimheshimu mama, na mimi nilimheshimu mama. Kijana akapita katikati yetu."

Kazini amekuwa dereva anayechosha abiria. Haondoki kituoni mpaka kila mzee awe amekaa. Asubuhi hii kijana mmoja aliyevaa vipokea sauti masikioni anamwambia kwamba treni itamwacha. Optatus anamtazama kwenye kioo.

"Ipo nyingine," anamjibu kwa Kiswidi, na anangoja bibi mwenye fimbo afike kwenye kiti.

Kinachomnyima raha sasa ni Ploy, mpwa wa Somjai mwenye umri wa miaka kumi na minne, anayelelewa kijijini na bibi yake, yule mama mkwe wa Optatus. Mwezi Mei ataanza shule mpya, kilometa kumi na mbili kutoka nyumbani. Basi hakuna. Bibi ameitengenezesha pikipiki ya marehemu na anataka kumpa mjukuu wake. Njia ya kwenda shule ni ileile.

Jumapili iliyopita bibi alipiga simu ya video kuwaonyesha rangi mpya. Kwa desturi Optatus husalimia kwa viganja vilivyounganishwa, kisha huondoka. Mara hii aliketi.

"Nilimwambia Somjai, leo tafsiri kama nilivyosema. Usitie sukari," anaeleza. "Nikamtazama mama machoni, jambo ambalo baba yangu angenichapia. Nikasema: Mama, usimpe mtoto hiyo pikipiki. Itamuua."

 Bibi aliuliza mjukuu wake atafikaje shuleni, kwa kuwa wao hawana basi kama lile la mkwe wake.

Optatus anakiri swali hilo ni la haki. Ila bibi hakuishia hapo. Somjai alisita kulitafsiri lililofuata. Mumewe akamgusa bega, naye akalitafsiri.

"Alisema: 'Mkwe wangu, katika ukoo huu dereva ni wewe. Siku ile nilikuwa nakutazama. Ungesema, ningemzuia.'"

Optatus anageukia dirishani. Chini, treni inaingia Fisksätra, watu wanashuka wakishikilia kofia zao kwa upepo.

Bibi hajaahidi lolote, isipokuwa hili: pikipiki itafungiwa kwenye ghala la mpunga mpaka Aprili, Optatus atakapofika. Tayari ameomba likizo. Kuna jirani mwenye pikapu yenye paa na mabenchi. Anataka kumshawishi awapeleke watoto wa kijiji shuleni kwa mchango wa wazazi, bila kumpakia mtu asiye na pa kukaa. Anajua wengine watamwona mgeni anayejifanya mwalimu.

Ana ombi lingine pia, kwa mzee wa kijiji: kwamba pale kwenye kona watu wapunguze mwendo, hata wakiendelea na honi zao.

"Wichai amesalimiwa vya kutosha," anasema.

Atafika wakati wa sikukuu ileile. Mkeka utakuwa umetandikwa, wajomba wamekaa, na mama mkwe atamwelekeza mahali pake penye sahani.

"Safari hii," anasema Optatus, "nitasema kabla sijakaa kula."