Kisu cha Mzamiaji kwenye Ndizi za Harusi

Mume wangu alikuwa mzamiaji, na majirani zetu wa Manyatta walidhani natia chumvi. Kwetu ni mlimani, maji tunayajua ya mfereji na ya ndoo, kwa hiyo mtu anayelipwa kuingia chini ya maji walimwona kama mtu anayelipwa kulala. Lakini kule chini kwenye joto, katika bwawa la umeme, kazi yake ilikuwa kuzama na kusafisha vyuma vinavyozuia takataka zisiingie kwenye mitambo. Alichoogopa ni nyavu za wavuvi tu. Wavu wa nailoni ukikunasa kwenye giza lile, alisema, kisu ndicho ndugu yako wa pekee.

Kisu chake cha kwanza kililiwa na kutu ndani ya ala. Kisha, mapema miaka ya tisini, mhandisi mmoja mgeni aliyekuwa amemaliza kandarasi akamwachia chake, cha madini ya titani. Kilikuwa chepesi kama kijiko, upande mmoja makali laini, upande wa pili meno ya msumeno. Baba watoto alikisifu mpaka nikakionea wivu. Alisema hata ukikizika matopeni mwaka mzima hakishiki kutu. Mimi niliposikia hivyo nikafikiria utomvu wa ndizi.

Mama yeyote wa kwetu anajua: ukimenya ndizi mbichi, kisu kinakuwa cheusi, na mikono vilevile. Jumamosi moja kulikuwa na harusi kwa jirani, na desturi ni kila mama aje na kisu chake. Mume wangu alikuwa ameenda kuwaona wazazi wake. Nikafungua mkoba wake wa kazi. Sitafuti kisingizio, nilitaka kujionyesha.

Na nilijionyesha kweli. Nilimenya makarai mawili na kisu bado kinang'aa, wenzangu wakakigombania, kikapita mkono hadi mkono. Sijui ni nani aliyewapa wanaume waliokuwa wakichuna mbuzi. Niliporudishiwa jioni, upande laini ulikuwa umegonga mifupa hadi umepinda.

Jumapili baada ya ibada nilikipeleka sokoni kwa mnoaji wa visu, yule anayezungusha jiwe kwa pedali za baiskeli. Kilipogusa jiwe, cheche zilitoka nyeupe kabisa, si nyekundu tulizozizoea, na yeye mwenyewe akarudi nyuma. Alijaribu tena, akakandamiza, chuma kikapata rangi ya buluu.

"Mama, hii kisu siielewi," akasema. "Na hii upande ya meno siwezi gusa."

Nyumbani upande ule alionoa haukukata hata jani la sukuma wiki. Nikakipangusa, nikakirudisha kwenye ala, na mume wangu aliporudi jioni sikumwambia. Jumatatu alfajiri akabeba mkoba wake akaenda kazini, alikokuwa akilala wiki nzima.

Siku mbili nilijikaza kisabuni. Jumatano jirani ambaye mumewe alifanya kazi ya ulinzi pale bwawani akaniambia, kama habari ya kawaida tu, kwamba nyavu nyingi zilikuwa zimesukumwa na maji hadi kwenye vile vyuma, na kesho yake wazamiaji wangezikata. Sikula. Usingizi nao ulinipiga chenga. Asubuhi nikafunga chakula kwenye kitambaa ili niwe na sababu, nikashuka bwawani.

Nilifika akiwa tayari majini. Juu ya ukuta alikuwapo mwenzake, mzee mtaratibu, aliyeshika kamba aliyofungwa mume wangu kiunoni, akanisalimu na kuniambia nikae kivulini. Niliangalia mapovu. Yaliendelea kutoka mahali pamoja tu, muda mrefu, na mzee akaishika kamba kwa mikono miwili.

"Amenaswa?" nikauliza.

"Ngoja kidogo, mama. Ananivuta mara moja moja. Bado anafanya kazi."

Nilitaka kumwambia kwamba mume wangu yuko kule chini na kisu nilichokiua kwa ndizi, lakini nikainamisha kichwa. Nilimwomba Mungu kwa Kiembu, nikamwahidi mambo ambayo baadaye sikuyatimiza yote. Kisha kamba ikavutwa mara tatu, mzee akaanza kuikusanya, na kichwa kikatokeza. Nikakaa chini palepale kwenye saruji ya moto.

Alipanda ngazi na kipande kikubwa cha wavu kimemzonga bega, kisu mkononi. Nikamwambia yote kwa pumzi moja: harusi, mbuzi, mnoaji. Hakushtuka.

"Nilijua Jumatatu," akasema. "Huwa nakagua vyombo kabla ya kuingia. Kilikuwa kinanuka mbuzi. Nikajaribu meno kwenye kamba, nikaona ni mazima. Hayo ndiyo ya kazi, mama watoto. Huo upande mwingine ni wa kukatia mkate."

"Mbona hukupiga hata simu kwa duka la jirani uniulize?"

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

Kisha akageuka, akanipa kisu, akanionyesha bega lake kwa kidevu. Nilishika uzi wa nailoni uliokuwa umembana karibu na shingo, nikauwekea meno na kuvuta. Ulikatika mara moja, bila hata kubisha. Ndipo nilipolia, nikaendelea kukata uzi mmoja mmoja hadi akawa huru kabisa.