Embe la Mwezi wa Tatu

Nakumbuka asubuhi ile lori lilipomwaga mchanga nyuma ya nyumba yetu Itetemia, hatua chache tu kutoka kwenye miti yangu. Nilikuwa nakoroga uji. Nikauacha ukafurika, nikatoka nje na mwiko mkononi. Shemeji yangu Rajabu, kaka wa mume wangu, alikuwa ameshika kamba ya kupimia msingi. Akanisalimia vizuri tu, tena kwa tabasamu, kisha akaniambia nihamishe kuku wangu kwa sababu mafundi wanaanza kesho.

Mwanangu Zuhura, nakusimulia haya kwa sababu juzi ulinionyesha kwenye simu picha za miti unayotaka kupanda kwenye kiwanja chako kipya kule Kwihara. Miashoki, ile miti mirefu myembamba ya pambo, imejipanga mlangoni kama askari wa gwaride, maembe makubwa mekundu, na tufaha ambalo sidhani kama linajua Tabora iko wapi. Nilinyamaza, na wewe unanijua, mimi nikinyamaza ujue kuna jambo. Leo nalisema.

Nilipoolewa nilikuwa mbishi kukuzidi wewe. Nyuma ya nyumba ya wakwe zangu kulikuwa na ua mkubwa mtupu, na Rajabu alikuwa ameshautolea macho ili ajenge vyumba vya kupangisha. Mimi nimekulia kwenye miti, na ua mtupu ulininyima raha. Nikamwomba baba mkwe ruhusa ya kupanda matunda. Mzee yule hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Panda, Mwajuma," akasema. "Lakini Rajabu naye ameomba pahala pa kujenga. Nakupa miaka minne. Nisipoona miti yako imetuletea kitu ambacho hatukuwa nacho, itakatwa."

Nikarudi ndani kichwa kimevimba, nikamweleza mama mkwe wangu, Bi Tausi, mpango wangu wote. Miembe ya dodo mitupu ua mzima, na katikati mkrismasi mmoja, ule mti unaowaka maua mekundu mwisho wa mwaka. Bi Tausi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata uso.

"Desemba utamkaribisha nani embe?" akaniuliza. "Mji mzima unakula embe, mbuzi wanakula embe, mpaka nzi wamekinai. Mimi nataka unilishe embe mwezi wa tatu."

"Mwezi wa tatu hakuna embe, mama."

"Umetafuta?"

Nilikasirika, sikufichi. Nililala nimenuna. Lakini swali lile lilinikaa kichwani, na asubuhi nikamwambia twende tukatafute.

Basi kila mwezi tukawa tunashika kapu na kufuata njia ya zamani ya misafara kuelekea Kwihara. Wazee husema wapagazi walipita pale wakila maembe na kutupa kokwa, ndiyo maana miembe imejaa namna ile. Tunabisha hodi, tunawaamkia wakubwa, halafu tunauliza kimeiva nini hapo kwao, na tunaonja. Nikajifunza kwamba mapera huja mvua zikielekea kuisha, machungwa hufuata wakati wa baridi, mpapai hauna habari na msimu, na mlimau ukiunywesha maji haukusahau. Ua wangu nikaupanga kwa miezi, si kwa sura.

Mkrismasi Bi Tausi hakuukataa, maana alipenda maua kuliko hata mimi. Alichokataa ni kuuweka karibu na nyumba, kwa sababu mizizi yake hutambaa juu juu na kuinua sakafu. Tukaupeleka ng'ambo ya geti, na mpaka leo watu wanasubiria bodaboda kivulini pake.

Embe sasa. Mwezi wa tatu wa mwaka ule wa kwanza tulifika kwa mjane mmoja wa Kwihara tukiwa tumelowa chapachapa, na uani kwake kulikuwa na mwembe mzee wenye matunda. Yalikuwa madogo, yenye madoa, ya kijani hata yakiiva. Nikamnong'oneza mama mkwe kwamba hata kuku wangu wangeyakataa. Yeye akanimenyea moja. Mwanangu, nililila mpaka kokwa likawa jeupe, nikaomba jingine. Mjane akacheka, akasema watu huyatazama tu wakapita.

Bwana shamba akanionya kwamba kokwa lake lingeweza kunizalia embe la aina nyingine kabisa. Nikitaka lile lile, nichukue kikonyo, yaani kijiti cha tawi changa la mwembe ule, nikibebeshe kwenye mche mwingine. Akanionyesha namna ya kukata na kufunga. Vikonyo vyangu vya kwanza vilikauka vyote, na Rajabu akaniuliza kama siku hizi nafuga vijiti. Nikarudi kwa mjane kuomba vingine. Kimoja kikashika. Siku nilipoona majani yake machanga, nilipiga kigelegele peke yangu uani.

Turudi kwenye mchanga. Huo ulikuwa mwaka wa nne, mwezi wa tatu, na muda niliopewa ulikuwa unakwisha. Mapapai na mapera yangu yalishaanza kuliwa, ila baba mkwe alisema hayo hata sokoni yapo. Hakuna aliyejua kwamba mwembe wangu umezaa, maana maembe yale ya kijani yalikuwa yamejificha kwenye majani, na mimi nilikuwa nayabonyeza kila siku kwa kidole bila kumwambia mtu. Rajabu nilimwacha na kamba yake. Nilikwenda nikachuma yaliyolainika, nikayamenya, nikampelekea baba mkwe sahani barazani alikokuwa anakunywa kahawa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akala kipande, akala cha pili, akanitazama. "Nani katoka safari?"

"Hakuna aliyesafiri, baba. Limetoka nyuma ya nyumba."

Akainuka na sahani yake. Akalizunguka lile lundo la mchanga, akasimama chini ya mwembe, akatazama juu kwa muda mrefu huku akitafuna.

"Rajabu," akasema, "mchanga wako utafutie pahala pengine. Ua huu ni wa Mwajuma."

Bi Tausi akatoka jikoni na vigelegele, na mimi nikalia kwa furaha mbele ya wakwe zangu bila haya. Rajabu aliomba kipande, akala, akalamba vidole. Halafu akasema, "Shemeji, na mimi nibebeshee wa kwangu." Mchanga hakuuhamisha wote, na uliobaki niliuchanganya na samadi nikajazia viriba, ile mifuko ya kuoteshea miche. Leo mwezi wa tatu ukipita njia ile ya Kwihara, utalikuta embe langu kwenye nyumba nyingi kuliko ninavyoweza kukuhesabia.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujanunua mche, uliza unazaa mwezi gani, na mwezi huo nyumba yako ina nini. Onja tunda lenyewe, usinunue picha. Utazame mti mkubwa wa aina hiyo jinsi unavyovumilia kiangazi chetu cha Tabora. Maua panda, tena mengi, ila mbali na ukuta. Miashoki sikukatazi. Tufaha liache kwenye simu.

Pale mlangoni kuna kiriba chenye mche niliokubebeshea mwenyewe kwa mikono hii iliyozeeka. Uchukue. Mungu akujalie nyumba isiyokaukiwa wageni, na kila mwezi atakaokuletea mgeni, ukute uani kwako kuna kilichoiva.