Mkono Uliokaa Kotini

Nilipokuwa mtoto hakuna aliyetaka kunisikia. Nikifungua mdomo, naambiwa nikachote maji. Sasa magoti yamekufa na meno yananiaga mojamoja, ndipo huyu binti, daktari wa wanyama, anakuja na gari lake mpaka kwangu Bwera, anakalia kigoda changu kizuri na kusema, "Mukaka, nisimulie kile kisa cha nyama." Nikamwambia kisa hicho niliwasimulia wanangu wakalala. Akasema yeye halali. Haya basi. Mukaka ndiyo bibi kwa Lhukonzo, lugha yetu. Na mimi pia nilikuwa na Mukaka wangu, mama yake mama, na kisa hiki ni chake kuliko changu.

Mukaka alizaliwa kando ya ziwa, karibu na Kabatoro kwenye chumvi, kabla hajaolewa huku juu. Alikuja na maneno ya huko. Alisema mnyama wa ziwa akiuawa kwa mkuki ni chakula. Akifa mwenyewe, bila jeraha, huyo ana mwenyewe. Usimguse, usimpasue, usichukue hata ukucha. Ukimkata, ziwa litakupiga chapa mkononi kama ng'ombe, watu wote wamjue mwizi. Sisi watoto tulijitazama viganja, tukaviona safi pamoja na ndizi zote tulizokwisha kuiba, tukaona ni maneno ya wazee.

Mama yangu, Masika, alikuwa mjane. Alipika nyama na ndizi sokoni, na chungu kile ndicho kilichotulisha mimi na wadogo zangu. Nyama aliinunua kwa Thembo, mtu wa ukoo wa marehemu baba, aliyekuwa akishuka Katwe, kule kule ziwani, kuchukua samaki na chumvi kuja kuuza Bwera. Mwaka ule jua lilikuwa kali. Maji yalirudi nyuma, viboko wakabanana kwenye tope kama nguruwe. Thembo akaja na nyama nyingi, imekaushwa kwa moshi, bei yake nzuri.

Mama akaigeuzageuza. "Hii nyama ya nini, shemeji?"

"Ng'ombe, shemeji. Ng'ombe kabisa."

"Ng'ombe gani ana mafuta hivi wakati wa jua?"

"Ng'ombe wa tajiri," akasema, na mama akacheka akanunua. Mtu akikuchekesha, huulizi tena.

Siku ile ya soko kuni zilikuwa mbichi, nyama ikatoka ngumu, haijaiva vizuri. Watu walikula hivyo hivyo. Mmoja wao alikuwa mke wa afande, polisi mmoja kutoka kaskazini aliyekaa kambini. Hakujua lugha yetu, kwa hiyo na sisi tulisema naye Kiswahili, kila mtu na cha kwake. Baada ya siku chache mwanamke yule alilala na tumbo, akatapika damu, akawaka homa. Maneno yakatoka kambini yakafika sokoni kabla ya jua kupanda: Masika amemlisha sumu.

Nimeishi miaka mingi, sijaona kitu chepesi kama kumwita mwanamke mjane mlisha sumu. Wanawake waliokula kwake tangu mimi nanyonya wakasema, "Sisi tulijua." Mtu akakipiga chungu teke. Afande akaja na kamba mkononi.

"Mama, simama. Kama muke yangu anakufa, na wewe unakufa."

Mama hakusimama. Nilimshika nguo, nikafikiri wakimchukua huyu, kesho tunakula nini, na kesho kutwa tunakula nini. Mtoto hafikirii mbali zaidi ya hapo.

Ndipo Mukaka akafika, taratibu, kama mtu aliyekuja kununua vitunguu. Hakulia. Alimwinamia mama, akamgeuza mikono, viganja na migongo ya mikono, akaiachia. Halafu akaanza kuwasalimu watu. Wote. Mmoja mmoja, kwa mkono. Aliwasalimu wale waliokuwa wakipiga kelele, na mtu huwezi kumtukana bintiye mzee aliyekushika mkono anakuuliza habari za watoto, basi kelele zikashuka. Afande akachoka.

"Wewe muzee, kazi ya salamu ni ya nini?"

"Ngoja, mutoto yangu. Nikimaliza utanifunga na mimi."

Thembo alikuwa nyuma kabisa, amevaa koti. Jua la Bwera, mtu na koti. Mukaka akamfikia, akanyoosha mkono. Thembo, ambaye siku zote alimsalimu kwa mikono miwili na goti juu yake, akatoa mkono wa kushoto.

Mukaka akautazama. "Toka lini unanisalimu na mukono ya chooni?"

"Ule mwingine nilijikata na panga, Mukaka."

"Basi lete nione. Niko na dawa."

"Imepona."

"Kama imepona, nisalimu."

Mtu mmoja akacheka, halafu wengine. Afande hakucheka. Alipita katikati ya watu.

"Toa mukono. Haraka."

Ukatoka. Mpaka leo nikifumba macho nauona. Umevimba hadi kiwiko, na nyuma ya kiganja kuna doa la mviringo, jeusi kama kaa, katikati limebonyea. Kama kweli mtu amechukua chuma cha moto akambandika. Thembo akasema, "Haiumi," kama kwamba hilo litamsaidia.

"Haiumi kwa sababu si kidonda, ni chapa," Mukaka akasema. "Ulikata nini kule chini?"

Thembo akasema kiboko. Alimkuta amekufa kandokando ya maji, hana jeraha, akaona Mungu amemtupia.

Mukaka akamgeukia afande. "Umesikia. Hii mwanamuke alipika tu. Peleka muke yako hospitali, na huyu mupeleke pamoja, muganga aone ile mukono. Nyumba ya kwetu itakuwa hapa ukirudi."

Afande alikunja kamba. Walipofika hospitali, mganga aliutazama mkono ule, akaulizia nyama, akajua. Wote wawili walichomwa sindano zilezile. Mke wa afande alikaa huko muda mrefu, lakini alirudi kwa miguu yake.

Huyu daktari wangu wa sasa alisikiliza yote bila kucheka. Alisema ugonjwa ule ni kimeta. Unalala udongoni miaka na miaka. Jua likikaza, viboko na nyati wanabanana penye maji, wanakwangua majani mpaka mzizi na kumeza udongo. Mmoja akifa akapasuliwa, ugonjwa unamwagika: kwa mbwa, kwa ng'ombe atakayepita pale mwakani, kwa mkono wenye mchubuko. Kazi yake ndiyo hiyo, kuufuata unavyotoka mbugani kuingia zizini na kwenye sufuria. Anachota udongo, anawatoa damu nyati waliolazwa kwa dawa. Kila mtu na riziki yake.

"Kwa hiyo halikuwa ziwa, Mukaka," akaniambia. "Ni kijidudu."

"Wewe unasema kijidudu, yeye alisema ziwa. Wote mmeniambia nisiguse."

Hapo akacheka. Akaniuliza kama napajua mahali kiboko yule alipolala. Napajua, kwa sababu nikiwa msichana, kila tuliposhuka kununua chumvi, Mukaka alinipitisha mbali na pale akinionyesha kwa kidole. Basi nikapanda gari lake, magoti haya haya, nikampeleka. Ng'ombe walikuwa wakinywa maji hapo hapo. Mwaka huu wamechanjwa kabla ya kiangazi. Nilisimama nikaona sindano zikiingia, wachungaji wakinung'unika, na nikafurahi, ingawa sikuwaambia. Mukaka alikuwa na watu wa nyumba moja tu wa kuwaonya. Huyu binti ana wilaya nzima.

Na Thembo wa wakati ule? Alipona, akabaki na kovu. Wazee wa ukoo walikaa, wakataka atoe mbuzi, kama kawaida yao. Mama akakataa.

"Mbuzi mtamla ninyi. Jina langu nani atalirudisha?"

Akataka kitu kingine, akakipata. Kila siku ya soko, kabla ya mtu yeyote kununua, Thembo akae kwenye benchi mbele ya chungu cha mama, ale bakuli la kwanza, kwa mkono ule ule, watu wakimtazama. Akala. Watu walisimama kungoja aanguke. Mwanzoni hakuna aliyenunua. Chungu kilirudi nyumbani kimejaa, nasi tukashiba kuliko wakati wowote, huku mama akilia. Thembo akaendelea kula. Watoto walimtania, "Baba, bado uko muzima?" naye anajibu kwa mdomo umejaa. Mvua zikaja, yeye na benchi lake.

Halafu siku moja akaja mke wa afande, amekonda, kitenge begani, na bakuli lake kutoka nyumbani. Hakusalimu. Alimsukuma Thembo kwa nyonga apate pa kukaa, akala mpaka chini, akalamba vidole. Nyuma yake watu wakaanza kupanga foleni.

Mama akamwambia Thembo, "Shemeji, sasa nenda nyumbani. Siku nyingine utakula kwa pesa yako."