Isale Nililolikataa Mara Mbili

Sikulazimishi uamini. Ila usiniambie nilikuwa nimelewa, maana pombe situmii, wala usiniambie ni uchovu wa safari. Nilimwona dada yangu kwa macho haya mawili. Ningekuwa natunga, si ningetunga kisa cha kunipendezesha?

Mimi ni mchoraji, nakaa Rau, hapa Moshi. Dada Eliaichi na mume wake walibaki na mama nyumbani Kirua Vunjo. Mama alipougua nilikuwa chuoni, na dada hakuniambia. Nililetewa habari mama akiwa ameshakufa. Dada alijitetea kwamba mama mwenyewe alimkataza, nisije nikaacha mitihani. Nikasema huyu simsamehe. Miaka mitatu sikukanyaga kwake.

Wiki niliyosafiri kwenda Paris kuonyesha picha zangu, alishuka mpaka Rau na isale mkononi. Unalijua isale? Lile jani refu tunalopanda mipakani na makaburini. Mchagga akikuletea hilo anaomba msamaha, na hata kama amekuulia ng'ombe, unapokea. Mimi sikupokea. Nilimwambia, "Nikirudi tutaongea." Akalirudisha kwenye kikapu, akapanda zake mlimani.

Basi, jioni moja kule Paris nikaenda kutembea mtaa wa zamani wa wachoraji, ule wa kilimani. Saa mbili usiku na jua bado linawaka, hebu fikiria! Vichochoro vya mawe, wachoraji wamepanga viti wanachora wapita njia. Nikasimama nyuma ya mzee mmoja niangalie mkono wake unavyokwenda, kisha nikainua macho nimwone anayechorwa.

Alikuwa dada. Kanga yake ya kuendea migombani, buti za mpira zina tope bichi la kwetu. Isale mkononi.

"Mdogo wangu, pokea basi," alisema, kwa sauti ya mtu aliyechoka.

Wewe ungepiga kelele, au ungekimbia. Mimi, jamani, nilikasirika! Sikujiuliza mtu ambaye hajawahi kuvuka Himo, mji wa jirani na kwetu, amefikaje Ulaya. Hata shikamoo sikumpa. Nilisema, "Dada, si nilikwambia nikirudi?" Nikatia mikono mfukoni, nikaondoka.

Hatua kama ishirini hivi, akili ikanirudia. Nikarudi mbio. Kiti kitupu. Kwenye karatasi ya yule mzee hapakuwa na mtu, kiti tu na duka la mikate nyuma yake. Lakini chini ya kiti palikuwa na tope jekundu. Niliinama nikaligusa, bado bichi.

Sijafika hotelini, shemeji, mume wake, akapiga simu. Dada ameanguka migombani jioni ile, amefariki.

"Tumemkuta ameshika isale," alisema akilia. "Hatujui alikuwa anampelekea nani."

Mimi nilijua. Mpaka leo sijamwambia.

Isale halifi ovyo. Likate, litupe uani, litaota tu. Nimelipanda kaburini kwa dada mara nne, nalimwagilia mwenyewe, na mara zote limekauka. Kwenye kaburi la mama, hapo hapo pembeni, masale yamestawi mpaka yanapunguzwa.

Kwa hiyo nakuomba, mtu akisimama mlangoni kwako leo anaomba msamaha, usimwambie nikirudi. Pokea, hata kama bado una hasira. Hasira mtaimaliza baadaye, naye yupo.