Pedi ya Pili

Juzi nilipeleka simu kwa fundi, pale mjini Kigoma karibu na stesheni. Akafungua kichupa, akachovya pamba, na harufu ya spiriti ikanijia puani. Wenzangu, hata simu yenyewe niliisahau. Nilirudi Ujiji sebuleni kwetu, mtoto wa kike wa darasa la nne, nimekaa mkekani na bisibisi mkononi.

Mjomba alikuwa ameniletea gemu ya mtumba kutoka Dar, ya Kijapani, ile ya zamani ya kuchomeka kaseti. Plastiki yake ilikuwa imegeuka manjano kama meno ya mvuta tumbaku. Ilikuja na pedi mbili za kuchezea. Ya kwanza nzima. Ya pili, kitufe cha kwenda kulia kilikuwa kimekufa. Ubonyeze, ukandamize, umwombe Mungu, kijitu chako kwenye TV kimesimama palepale. Na gemu yenyewe, jamani, safari yote ni ya kwenda kulia.

Watoto wa jirani walikuja siku ya kwanza wakajaa hadi mlangoni. Rama, mkubwa wao, akashika pedi ya pili, akabonyeza weee, akaiweka chini. "Gemu yako ni ya kutazama tu hii," akasema. Wakaenda zao ziwani kuogelea, wala hawakurudi.

Sikuwa na ndugu, na baba nilimjua kwa picha. Mama alichuuza dagaa. Akipanda boti Kibirizi kwenda Mwamgongo, hukaa huko mpaka apate mzigo. Mimi nilibaki na Bibi, ambaye masikio yake yalikuwa yamechoka na macho yakifuata nyuma. Umeme ukiwepo nilicheza peke yangu, pedi ya pili imelala kando. Bibi akipita husema, "Kidole kimoja hakivunji chawa, mjukuu wangu," kisha huyo, anakwenda kuchambua mchele wake. Nilikuwa mpweke, tena mpweke wa kununa. Kilichonishikilia ni neno moja la mama. Nilipomlilia kwamba hakuna wa kucheza na mimi, alisema, "Pedi hiyo ikipona, nitacheza mimi."

Basi nikaifungua. Ndani mlikuwa na kibao cha kijani, na juu yake raba yenye vichwa vyeusi, kila kitufe na kichwa chake. Kichwa cha kulia kilikuwa kimelika, ule weusi unaopitisha umeme umekwisha. Nikasugua kwa pamba na spiriti ambayo Bibi alijichulia magoti. Wapi. Nikakata karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, nikaibandika kwa gundi kwenye kile kichwa. Kijitu kikaanza kukimbia chenyewe bila kuguswa, kikafika ukutani, kikaendelea kukimbia papo hapo kama kichaa. Karatasi ilikuwa kubwa mno, inagusa kibao muda wote. Nikaipunguza kwa wembe mpaka ikawa kama punje ya mtama, ndipo kitufe kikatii. Nilishangilia peke yangu, maana Bibi hakusikia.

Mama alirudi adhuhuri moja, kanga inanuka dagaa, mchanga umemganda miguuni. Nikampa shikamoo na pedi kwa pamoja.

"Marahaba, mwanangu. Imepona?"

"Imepona."

"Haya, nifundishe."

Hakuoga, hakula. Alikaa mkekani akaegemea ukuta. Akaruka shimo la kwanza, akacheka. Halafu kijitu chake kikafika ukutani, kikawa kinakimbia papo hapo, kinakimbia tu. Nilijua karatasi yangu imeharibu tena. Nikanyoosha mkono nimpokonye pedi, na hapo nikaona kitufe hakina tatizo. Mama alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, kidole gumba bado kimekandamiza.

Iliniuma sana. Nikazima gemu, nikaenda nyuma ya nyumba kulia. Niliamini mama hapendi kucheza na mimi, na imani hiyo niliibeba miaka mingi, kimya kimya.

Nilipokuwa mtu mzima nilifuatana naye Mwamgongo kwa mara ya kwanza. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Wanunuzi hukesha ufukweni, alfajiri wanagombea mzigo, kisha kutwa nzima ni kuugeuza juani, na usiku ukiingia wanaanza upya. Tuliporudi nyumbani nilikuwa natembea nayumba. Sikumsalimia mtu, nilijitupa kitandani na viatu vyangu.

Nikiwa nimelala pale ndipo nikaiona upya ile adhuhuri. Chumba cha mama kilikuwa mlango wa pili tu, kitanda kimetandikwa. Angeweza kuniambia, "Nimechoka, mwanangu, tutacheza kesho," na ningemwelewa. Hakuniambia hivyo. Alipokea pedi, akaniomba nimfundishe.