Aliyempokea Mtoto

Kwenye rejista ya uzazi kuna safu ya mwisho, nyembamba kuliko zote, yenye kichwa "Aliyempokea mtoto". Mwanafunzi haandiki jina lake humo. Hata kama ni mikono yake iliyoshika kichwa cha mtoto, hata kama mzazi hakumwona mtu mwingine tangu asubuhi, jina linaloandikwa ni la muuguzi mkuu wa kituo, kwa sababu yeye ana namba ya kuandikishwa na mwanafunzi hana. Ukikosea, ni yeye atakayeitwa. Ukipatia, atakayeshukuriwa pia ni yeye.

Sisi wanafunzi tulikuwa na kitabu chetu kidogo chenye jalada la bluu, kitabu cha staji, yaani mafunzo ya kazini. Humo unaandika kila kazi uliyofanya wodini, na muuguzi mkuu anasaini siku hiyohiyo kwamba amekuona kwa macho yake. Nilipoanza staji ya mwisho, mwaka wa mwisho wa chuo, nilikuwa nimebakiza watoto saba tu wa kupokea. Wakishapatikana hao saba ningekabidhi kitabu, ningetetea kazi yangu ya kumaliza masomo, ningepata diploma, na diploma ingenipa namba. Sikutaka kitu kingine duniani, na sioni aibu kusema hivyo.

Mama yangu aliitaka hiyo namba kuliko mimi. Ni muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Kila alfajiri hushuka soko la Kituku na beseni lake, na harufu ya samaki ilikuwa ikinifuata hadi darasani, wenzangu wakinitania kwamba mimi nitawatibu wagonjwa kwa mafuta ya moto na chumvi. Nyumba yetu ya Mabanga, hapa Goma, ni ya mbao, imesimama juu ya mawe meusi ya volkano. Tangu mwaka wangu wa pili chuoni mama alikuwa amepigilia msumari kwenye mbao za sebuleni, mahali mgeni akiingia tu lazima autazame. Alisema hapo ndipo diploma itakapokaa. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kutundika kitu kwenye msumari ule, hata kalenda ya parokia.

Muuguzi mkuu wa kituo nilichopelekwa tulimwita mama titilere, kama wanavyoitwa wakuu wote wa vituo vya afya kwetu. Alikuwa mjane kutoka Butembo, mfupi, mnene, mwenye ulimi mkali kama pilipili. Alikuwa akilea wajukuu wanne kwa kazi ile moja. Alinitesa, na alinifundisha yote ninayoyajua. Nikimsogelea mgonjwa angeniuliza:

"Umenawa?"

"Ndiyo, mama."

"Ulinawa wapi, mu ndoto? Rudia."

Nilirudia. Nilinawa hadi ngozi ya vidole ikachubuka. Na kila jioni kabla ya kuvua koti jeupe alikuwa akifungua rejista, akipitisha kidole chake kwenye mistari, akisema maneno yaleyale: "Kama haiko mu rejista, haikufanyika." Ukiacha safu moja tupu angekuita kutoka njiani urudi kuijaza. Wafanyabiashara husema mali bila daftari hupotea bila habari. Yeye alisema hivyo hivyo juu ya watoto wachanga.

Kisha vita ikaingia mjini. Sitaeleza vita. Waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo wamesikia ya kutosha. Nitasema tu kwamba asubuhi ile tulikuwa na wanawake wawili wenye uchungu na mmoja aliyekwisha kuzaa, na milio ilikuwa imesogea hadi upande wa soko. Mama titilere alisimama mlangoni, koti lake likiwa bado mwilini.

"Nakwenda kuchukua bajukuu," aliniambia. "Nitarudia sasa hivi."

Hakurudi. Aliwachukua wajukuu wake, akaingia kwenye mkondo wa watu waliokuwa wakivuka kwenda Gisenyi, na mpaka ukafungwa nyuma yake. Simlaumu. Siku ile nilimlaumu sana, nilimtukana kwa sauti, lakini ningekuwa na wajukuu wanne ningewaburuta hata kwa meno.

Tukabaki wawili, mimi na mama wa usafi, mwanamke asiyejua kusoma ila mwenye akili kuliko walimu wangu kadhaa. Kurudi nyumbani Mabanga hakukuwezekana. Na wanawake wakaendelea kuja, kwa sababu mimba haijui kusubiri. Katika siku tano zilizofuata nilipokea watoto tisa. Maji yalikuwa yamekatika, tukatumia yale ya pipa la mvua baada ya kuyachemsha. Glavu zilipokwisha tukazifua zile zilezile na kuzitia dawa. Niliogopa kila dakika. Niliogopa hadi nikaacha kusikia njaa.

Wa sita simsahau. Mama yake alikuwa muuza makaa, alikuja kwa miguu akiwa ameshika ukuta, na mkononi alikuwa na kovu refu la moto kutoka kiwiko hadi kifundo. Alinishika koti.

"Muganga, usiniache."

"Siendi fasi yoyote, mama. Sukuma."

Kichwa kilipotoka niliona kamba ya kitovu imezunguka shingo mara mbili, imekaza kiasi kwamba kidole hakipiti. Nilikuwa nimeliona jambo hilo mara moja tu, nikiwa nyuma ya bega la mama titilere. Nikabana pawili, nikakata katikati, nikamtoa mtoto. Alikuwa msichana, na hakulia. Nikamsugua mgongo kwa kipande cha kikwembe, nikainua barakoa nikampulizia pumzi, nikamsugua tena, huku mama wa usafi akisali kwa Kinande nyuma yangu. Alipolia, mimi nililia zaidi yake. Mama yake hakuniona nikilia, uso wangu ulikuwa umerudi nyuma ya barakoa niliyoivaa tangu alipoingia, na macho yake yalikuwa yamefumbwa.

Kisha nikaketi nikaandika. Saa, uzito, jinsia, hali ya mama. Na kwenye safu ya mwisho nikaandika jina la mama titilere, kama nilivyokuwa nimeandika kwa wale watano wa kwanza, na kama nilivyofanya kwa wale watatu waliofuata. Kwenye karatasi ya kuzaliwa aliyopewa kila mzazi niliandika vivyo hivyo. Mama wa usafi alisimama na ndoo yake akinitazama.

"Juu ya nini hauandike jina yako?"

"Sina namba, mama."

"Na mwenye namba iko wapi?"

Nilidhani hajui utaratibu wa kazi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, hivyo ndivyo tulivyolelewa. Mimi la mkuu nililisikia, na guu likavunjika vilevile.

Milio ilipotulia mama titilere alirudi. Alinawa akaingia wodini. Baada ya wiki chache wakaja wakubwa wa afya kukagua vituo. Wauguzi walioacha wagonjwa wakati wa vita waliondolewa kazini, mmoja baada ya mwingine. Kwetu walifungua rejista, wakakuta mistari tisa iliyonyooka, na jina lake kwenye kila mstari. Wakampa mkono mbele yetu sote. Wakasema vituo vyote vingepaswa kuwa na mama kama huyu. Alisimama akitazama sakafu, na mimi nilisimama nyuma yake na trei ya sindano.

Aliponiita kwenye chumba cha dawa sauti yake ilikuwa ya chini.

"Uliandika jina yangu."

"Weye njo ulinifundisha, mama."

Aligeuka akaanza kupanga upya chupa zilizokwisha kupangwa.

Nako chuoni mambo yalinigeukia. Siku ile vita ilipofika, chuo kilikuwa kimetangaza redioni kwamba staji zimesimama na kila mwanafunzi arudi nyumbani. Sisi kituoni hatukuwa na redio. Walimu wakatoa uamuzi wao: aliyebaki kazini chini ya mkuu wake amevunja agizo, na watoto aliowapokea hawahesabiwi. Lakini mwanafunzi aliyeachwa peke yake na wagonjwa hakuwa na njia nyingine, huyo atahesabiwa, mradi mkuu wa kituo aandike barua akiri kwamba hakuwepo. Yaani ili nipate namba yangu, mama titilere alipaswa kuitoa yake.

Sikumwomba. Nataka hilo lijulikane. Lakini pia sikuacha kupita mbele yake na kitabu changu cha bluu mkononi, kila siku, hata pale ambapo sikuwa na haja nacho. Nilikuwa na hasira, na nilitaka aione.

Jumapili moja baada ya misa, kesho yake nikiwa nimeitwa mbele ya walimu, mama titilere alikuja kwetu Mabanga. Mama alimwandalia bugali na sambaza, akamtafutia kiti chenye miguu mizima. Mama titilere alikula kidogo, akanawa, akatoa bahasha kifuani na kuiweka mezani.

"Miye nilikimbia, weye ulibakia. Nimeandika vile ilikuwa, na nimesaini. Kesho weye njo utaona yenye utafanya."

"Mama, kula kwanza, itapoa," mama yangu alimwambia, akimsogezea sahani.

Kesho yake nilisimama mbele ya walimu watatu, bahasha ikiwa ndani ya mfuko wa sketi yangu. Niliihisi kila nilipovuta pumzi. Mwalimu aliyekaa katikati alifungua kitabu changu, akahesabu mistari isiyo na sahihi.

"Titilere wako alikuwepo, ao hakukuwepo?"

Ningependa kusema nilifanya kwa wema. Watu wanaonijua hudhani hivyo na mimi huwaacha wadhani. Kweli, niliwafikiria wale wajukuu wanne. Lakini zaidi nilipiga hesabu. Nilijiambia: watoto saba ni nini Goma hii, ambako wanawake wanazaa kila siku ya Mungu? Nitarudia staji mwaka ujao, nitawapata saba kwa wiki mbili, naye atabaki na kazi yake, nami nitapata namba yangu, na hakuna atakayelia.

"Alikuwepo," nilisema.

Wakaandika kwamba nilivunja agizo na staji nzima irudiwe. Niliipeleka bahasha kwa mama titilere siku hiyohiyo. Aliitia mfukoni mwa koti bila kuifungua, akaniambia nikanawe, kuna pansi ya kidonda ya kubadilisha kwenye kitanda cha tatu.

Mwaka ujao haukuja. Yaani kalenda ilikuja, ila chuo hakikufungua staji nyingine. Walimu wengine walikuwa wamekwisha kuondoka mjini, yule wa katikati akiwa wa kwanza. Wenzangu waliotetea kazi zao mapema wana karatasi zinazongoja kusainiwa Kinshasa, na kutoka hapa kwenda Kinshasa sasa hakuna ndege, hakuna barabara. Mmoja wao anauza kadi za simu. Mwingine ameenda Kampala kuosha wazee. Wanasema mvumilivu hula mbivu. Mimi nimevumilia hadi mbivu zimeoza, na bado nasimama chini ya mti kwa kuwa sijui kwingine pa kusimama. Sidhani tena kwamba nitakuwa muuguzi. Ninasema hivi kwa utulivu ambao zamani ungenitisha.

Niliporudi kutoka kwa walimu mama aliniuliza kama nimekula. Siku hizi kwenye ule msumari ametundika chujio la sambaza, na mimi hulitoa na kulirudisha kila tunapopika.

Kituoni nimebaki kama msaidizi. Napima watoto kliniki ya chanjo. Nawatundika kwenye mizani, nasoma kilo, naandika. Mama titilere bado ni mkuu, amezeeka ghafla, na amekuwa mpole kwangu. Upole wake siupendi. Nautamani ule ulimi wa pilipili.

Wiki iliyopita mwanamke mmoja aliingia na mtoto wa kike mgongoni, anayeshika kila kitu na kutia mdomoni. Alipomfungua kwenye kikwembe mkono wake ulitoka kwenye shali, na nikaliona lile kovu la moto kutoka kiwiko hadi kifundo. Alinitazama kama unavyomtazama mtu wa mizani.

"Dada, mama titilere iko? Nimemuletea ndoyi yake amuone."

Ndoyi ni mtu wa jina lako. Alikuwa amesoma lile jina kwenye karatasi ya kuzaliwa, akampa mtoto.

Mama titilere alitoka ndani. Yule mwanamke akamwekea mtoto mikononi, akaanza kuwasimulia kina mama waliokuwa kwenye benchi: jinsi kamba ilivyomkaba mwanawe, jinsi mama huyu alivyomsugua mgongo na kumpulizia pumzi, huku risasi zikilia. Wakapiga makofi. Mama titilere alimshika yule mtoto mbali kidogo na kifua chake, kama mtu aliyepewa mzigo usio wake. Akanitazama juu ya kichwa cha mtoto.

"Mama," alimwambia yule mwanamke, "siye miye..."

"Mulete, mama, nipime kilo," nilimkatiza. "Bengine banangoja."

Mama titilere alinipa. Mtoto alikuwa mzito, mwenye joto, na alinishika kidole akakivuta kuelekea mdomoni. Nilisugua mgongo wake mara moja, kidogo tu, kisha nikamtundika kwenye mizani na kuandika. Kilo. Tarehe. Jina la mtoto, ambalo nililijua vizuri. Halafu nikafika safu ya mwisho, ya aliyempima, na kwa kuwa bado sina namba, niliandika jina lilelile mara ya pili.